Nywele za Nadra

Salha amefariki. Habari aliniletea mjukuu wake wa kike, nikiwa nimekaa barazani kwangu hapa Pongwe nachambua mchele. Nilipoisikia nikasema lile tunalosema sote, kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, kisha nikaendelea kuchambua. Msichana akadhani nimeduwaa kwa majonzi. Akaketi karibu yangu, akanishika mkono wenye vumbi la mchele, akaniambia wameshamzika huko Mkwaja na hitima itasomwa Ijumaa. Akasema bibi yake hakupigwa picha hata moja alipokuwa kijana, na wao wajukuu wanabishana alikuwaje, kwa hiyo wamekubaliana waje waniulize mimi, rafiki yake wa shule. Rafiki! Nikamwambia, "Bibi yako alikuwa mzuri, mjukuu wangu. Tanga nzima hakuwapo wa kumfikia." Hilo ni kweli na halikunipa tabu kulisema. Akasubiri niendelee, mimi nikampa chai. Nikamwambia awape pole nyumbani, miguu yangu hainiruhusu kufika Mkwaja. Miguu yangu haina neno lolote, sokoni naenda nayo kila siku. Sikwenda kwa kuwa nisingeweza kukaa kwenye jamvi na watu wanaolia, halafu aniulize mtu mimi na marehemu tulijuana vipi, nami nimjibu.

Basi nitajibu hapa. Mwaka ninaousema ulikuwa katikati ya miaka ya hamsini, nami nilikuwa na miaka kumi na sita, darasa la mwisho katika shule ya wasichana. Tulikuwa kumi na mmoja tu. Chumba chetu kilinuka chaki na mafuta ya nazi, na dirisha lake moja lilitazama ukuta wa chokaa uliotuunguza macho ikifika saa tano. Kiingereza alitufundisha Mwalimu Edita, Mbondei wa upande wa Muheza, mwanamke mkavu aliyevaa viatu vya kamba na kutamka kila neno kama anayepanga vyombo vya udongo juu ya rafu. Wiki ile somo lilikuwa kueleza sura za watu. Kitabu kilikuwa na picha za Wazungu, na chini ya mmoja, mwanamke mwenye nywele za rangi ya majani makavu, paliandikwa "fair hair". Mmoja wetu alilijua neno "fair" kuwa ni haki, tukakaa tukijiuliza nywele za haki zinakuwaje, na kama zipo za dhuluma. Mwalimu Edita akafunga kitabu kwa kishindo. Akasema picha zile hazitatufaa, tutaelezana wenyewe kwa wenyewe. Akachora ubaoni safu nne: kimo, umbo, nywele, uso. Chini ya kila safu akaandika maneno yake ya Kiingereza, kisha akatazama darasa akitafuta nani aanze.

"Mwantumu, simama mbele," akasema. "Salha, njoo utuelezee mwenzio."

Salha alikuja akinizunguka kama anayenunua mbuzi. Alikuwa mrefu, na hakuwa na haraka na jambo lolote duniani. Akaanza na safu ya kwanza. "She is short," akasema, kwamba mimi ni mfupi. Sawa, nilikuwa mfupi. "She is stout." Mnene, aliyejaa, wa kukaza kama gunia. "Her hair is woolly." Nywele zake ni za kipilipili, kama manyoya ya kondoo. "Her nose is flat." Na pua yake imelala. Mwalimu akatikisa kichwa kwa kuridhika, maana kila sentensi ilikuwa na kitenzi chake mahali pake, akamwambia aongeze moja ya kutunga mwenyewe. Salha akaniangalia toka utosini hadi miguuni. "She is like a pot," akasema, kisha akawageukia wenzetu kwa Kiswahili, "chungu cha kuchemshia pweza!" Darasa likaangua kicheko. Nilimtazama Mwalimu Edita ili anisaidie, nikamwona ameweka mgongo wa mkono mdomoni na mabega yanamtikisika. Alipopata pumzi akasema, "Very good, Salha." Vizuri sana. Kisha ikawa zamu yangu kumweleza yeye, nami nikasema ukweli wote: mrefu, mwembamba, nywele ndefu za mawimbi, pua iliyosimama. Nilisahau herufi moja mwishoni mwa neno, nikapata alama pungufu kuliko yeye.

Nimefundisha shule miaka mingi, na nimewaona watoto wakitukanana kila namna, tena nimewaona wakisahau kabla ya kengele kulia. Nimejiuliza kwa nini mimi sikusahau. Naona ni kwa sababu hii: kwa Kiswahili mwili wangu haukuwa na kosa. Wanawake wa mtaani waliupenda. Waliponiona napita walisema mashallah, huyu kajaaliwa, huyu akiolewa hatamtia aibu mume. Salha ndiye aliyekuwa akisemwa, mama yake akimhangaikia kwa uji wa maziwa na samli ili apate nyama. Sikuwa nimewahi kuona haya kwa kuwa nilivyo mpaka siku ile, katika lugha ambayo mimi ndiye niliyeipenda kuliko wote darasani. Niliipenda kama mtu anavyopenda chumba cha peke yake. Salha akaingia humo ndani akanitia aibu, na aliyenifungulia mlango wa chumba hicho akamwambia vizuri sana.

Jina likanishika siku hiyo hiyo. Wakaniita Stauti. Kwanza darasani, kisha njiani, kisha mtaa mzima. Wasiojua neno la Kiingereza walidhani ni jina langu la nyumbani. Muuza mihogo ya kukaanga wa Ngamiani, mzee wa heshima zake, alinikaribisha kila alasiri, "Bi Stauti, leo imeiva," na mimi nikamwamkia shikamoo na kupokea mihogo yangu.

Lazima nieleze jinsi nilivyoingia nyumbani kwa Salha, maana bila hilo pasingetokea kitu. Mikono yangu ilijua kusuka. Niliweza kugawa nywele kwa chanuo, mistari ikanyooka kama imepigwa rula, na wasichana walinitafuta. Kila Alhamisi baada ya shule nilikwenda kumsuka Salha. Nyumba yao ilikuwa na sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa hadi ikang'aa, na chumba chake kilikuwa na kitanda cha samadari na kabati lenye kioo kirefu mlangoni. Yeye alikaa chini kwenye mkeka akijitazama kiooni, mimi nikakaa nyuma yake kwenye kigoda, na magoti yangu yakionekana kila upande wa mabega yake. Nikimaliza nilipewa chakula, lakini si chumbani. Nilikula uani karibu na jiko, nimekalia mbuzi ya kukunia nazi. Mara nyingi niliombwa kwanza niikune nazi yenyewe, kwa kuwa ati nimeshakaa. Mama yake alipika vizuri, siwezi kumnyima hilo. Mkate wa kumimina wa nyumba ile, wenye harufu ya iliki na kingo za kahawia, sijaupata tena popote. Niliula wote mpaka makombo, nikamchukia kila aliyekuwamo ndani.

Katikati ya mwaka Salha akaposwa. Mchumba alikuwa jamaa yao wa mbali wa Pemba, jina lake Nassor, kijana aliyesoma na kupata kazi ya ukarani huko Wete. Watu wa kwao walimwona Salha mara ya mwisho akiwa na miaka saba. Wazee walikubaliana kwa sifa tu, na pande zote mbili zilifurahi. Lakini Nassor alikuwa kijana wa kisasa. Alimtumia Salha barua kwa siri, imefichwa ndani ya kifurushi cha vitambaa alicholeta mfanyabiashara wa karafuu, ambaye alikiacha mlangoni nje ya pazia akaenda zake. Barua ilikuwa ya Kiingereza. Aliandika hivyo makusudi, ili hata baba akiiokota adhani ni karatasi za shule. Mama yake Salha alijua, akafumba macho kwa sharti moja, kwamba baba asisikie.

Tatizo ni kwamba Salha hakuweza kuisoma. Kiingereza chake kilikuwa cha kukariri. Ubaoni aling'ara, lakini ukimpa karatasi yenye hati ya kuunganisha alipotea kama kipofu. Alhamisi ile aliitoa chini ya mto akanipa. "Stauti," akasema, "nisomee, lakini uniapie kwanza." Nikaapa. Nikamsomea. Nassor aliandika kwa adabu. Alisema anafahamu kuwa picha ya binti wa heshima haiwezi kusafirishwa ikapita mikononi mwa watu, basi anamwomba amweleze kwa maneno yake mwenyewe alivyo, kimo chake, umbo lake, nywele zake na uso wake, ili akiwa huko apate wa kumuwaza. Salha akapiga makofi kwa furaha. "Utaniandikia," akasema. "Mimi nitanakili kwa mkono wangu. Hati yangu ni nzuri kuliko yako."

Naandika hapa mapema ili msomaji asijisumbue kubashiri: sikumtaka Nassor. Sikuota kuwa mahali pa Salha. Na mpaka dakika ile sikuwa nimekusudia ubaya wowote. Nilikusudia kumwandikia ukweli, tena niliona fahari kwamba ningeuandika vizuri. Nikaenda uani kunawa mafuta. Niliporudi nikasikia sauti ya mama yake chumbani, nikasimama ukumbini karibu na mlango.

"Wewe nawe! Barua ya mchumba unamwonyesha msichana mwenzio?"

"Nitaisomaje, mama?"

"Angekuwa mwingine ningekukataza," mama yake akasema. "Wasichana siku hizi wanachukuliana wachumba. Lakini huyu, basi tena. Nani atamtazama huyu?"

Salha akacheka. "Huyu ni kama kinu, mama. Unaweka, unatwanga, unatoa. Hakina habari na kitu."

Nilisimama pale maji yakinidondoka vidoleni kwenye ile saruji nyekundu. Kisha nikaingia, nikamkalisha Salha sawasawa, nikamalizia mistari miwili iliyobaki. Nikamwambia barua ya namna ile haitaki haraka, anipe wiki mbili nitafute maneno yanayomstahili.

Shuleni nilikuwa kiranja wa kabati, na ndani ya kabati kulikuwa na kamusi moja ya Kiingereza, kubwa, ngozi yake imeliwa na mende. Kila mapumziko ya mchana, wenzangu wakiwa uwanjani wanaruka kamba, mimi nilikaa sakafuni na kamusi mapajani. Maneno ya ubaoni nisingeweza kuyatumia, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyenipiga nayo na angeyatambua. Nilihitaji ndugu zao asiowajua. Chini ya neno moja nilikuta jingine, na hilo likanipeleka kwa jingine, nikayaandika kwenye kipande cha karatasi nilichokificha ndani ya kiatu. Sijawahi kusoma kwa bidii kama nilivyosoma wiki mbili zile. Mwalimu Edita alinikuta siku moja, akasema amefurahi kuona nimeanza kupenda kamusi.

Alhamisi ilipofika Salha alikuwa ameshatayarisha karatasi ya waridi na kalamu ya wino. Akalala kifudifudi kitandani, nami nikamtajia herufi moja moja. Lakini hakuwa mjinga wa kukubali kila kitu. Aliuliza.

"Squat. Ndiyo nini?"

"Mtu aliyetulia chini," nikasema. "Hana makuu."

"Vizuri. Na hili refu, corpulent?"

"Aliyejaaliwa."

Akatabasamu, maana kujaaliwa ndiko alikokuwa akikutafuta kwa samli ya mama yake. "Nywele?"

"Sparse. Maana yake nadra. Nywele za nadra, hazionekani hovyo."

Aliirudia mara mbili, nywele za nadra, akivuta msuko mmoja mbele ya kifua chake ili autazame. Kuhusu jicho nilimpa "squint". Nikamwambia ni jicho lenye kupinda kidogo, akajimalizia mwenyewe, "La mahaba!" Likabaki neno la mwisho, nililolitafuta siku tatu. "Pockmarked," nikasema. "Uso wenye vishimo." Salha akajibonyeza mashavu kwa vidole viwili. Alikuwa na vibonyo pande zote mbili, vizuri ajabu, na kila mtu alimsifu navyo. "Umekumbuka mpaka hivyo!" akasema. Akainuka akanibusu shavuni. Ndiyo mara ya pekee alinibusu. Kisha akalamba mdomo wake wa juu kama mtoto mdogo, akanakili kwa hati yake ile ya kuvutia kwamba yeye ni mfupi wa kuchuchumaa, mnene wa kupita kiasi, mwenye nywele chache, kengeza, na uso uliotobolewa na ndui. Akatia sahihi. Akapulizia marashi.

Kama nilijuta wakati ule? Hapana. Nilikula mkate wa kumimina vipande vitatu.

Jibu lilikawia zaidi ya mwezi. Lilipofika nilikuwa nimemsuka nusu ya kichwa, upande wa kulia mistari, upande wa kushoto nywele zimetawanyika begani. Aliletewa kifurushi chumbani, akakipasua kwa meno, akanipa barua bila hata kugeuka. "Soma haraka." Kwanza niliisoma yote kwa Kiingereza, kwa sauti, taratibu, kama Mwalimu Edita. Nilitaka kuisikia. Kisha nikaanza kumfasiria. Nassor alimshukuru kwa ukweli wake. Alisema ameona ushujaa wa msichana asiyeficha aliyoumbwa nayo, na kwamba ndui ni mtihani wa Mungu, hamlaumu nayo. Bali wazee wa pande zote mbili walimsimulia mtu mwingine kabisa, na yeye hawezi kuoa juu ya udanganyifu. Atamwandikia baba yake kwamba amepata safari ya masomo.

"Ndui?" Salha akageuka ghafla hata chanuo likanitoka mkononi. "Nani mwenye ndui? Uliandika nini, wewe?"

"Uliandika wewe," nikasema. "Hati ni yako."

Nikamwambia. Nilifuata safu kama zilivyokuwa ubaoni, kimo, umbo, nywele, uso, na kila neno nikalitolea maana yake kamili kwa Kiswahili cha kuweza kufahamika na mtoto. Alinisikiliza kinywa wazi. Nilikuwa nimeungoja wakati ule kwa miezi, nikajiandalia mpaka namna ya kuweka mikono. Nilitazamia atanipiga, au atalia, au atasema ningejua ungenilipa hivi nisingekutenda vile. Badala yake akaniuliza, kwa sauti ya mtu asiyejua kabisa, "Mwantumu, nimekukosea nini?"

"Stauti," nikasema.

"Stauti si jina lako?"

Alikuwa amesahau. Siku ile ya ubaoni, chungu cha pweza, kicheko, vyote vilikuwa vimemtoka kama uchafu wa kucha. Alidhani nilizaliwa nikiitwa hivyo. Nilimtazama usoni kutafuta uongo nisiuone. Watu wamenisimulia kwamba hasira huisha pale mkosaji anapoonekana kuwa hakukusudia. Yangu ilizidi. Nilikuwa nimeibeba aibu ile kila siku, asubuhi na alasiri, na kumbe niliibeba peke yangu. Aliyenibebesha alikuwa amekwenda zake mikono mitupu. Nikachukua buibui langu, nikatoka, nikamwacha na nusu kichwa.

Hakuweza kunishitaki. Angesema nini kwa baba yake, kwamba alikuwa akiandikiana na mwanamume, na kwamba aliyemtungia barua amemdanganya? Alijaribu njia moja. Wiki iliyofuata shuleni alinifuata nyuma ya darasa, kavaa ushungi mpaka nyusi kwa kuwa hakuna aliyemmalizia nywele. "Nataka neno moja tu," akasema. "Hivi vya mashavuni, vibonyo, kwa Kiingereza vinaitwaje? Nimwandikie mwenyewe nimfahamishe." Nililijua neno. Lilikuwa katika kamusi ukurasa wa kushoto, chini kabisa. Nikamwambia silijui. "Mwulize Mwalimu," nikasema. Asingethubutu kumwuliza Mwalimu. Aliandika hata hivyo, peke yake, na ile nakala aliyoharibu niliikuta kwenye dawati lake alipokwisha kuacha shule: mistari sita iliyokatwakatwa, "I am not" hili, "I am not" lile, na mwisho kabisa sentensi iliyojaribu kusema kwamba uso wake hauna mashimo ila una mashimo mazuri. Nassor hakujibu. Labda barua hiyo ilimthibitishia ya kwanza.

Mama yake Salha alinijia mara moja tu. Alinikuta bombani nateka maji, akasimama mpaka wanawake wengine wakaondoka. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Hakuwahi kuniita mwanangu. "Wewe ndiwe uliyesoma zile barua. Hebu niambie, mlimwandikia nini kijana wa watu?"

"Mimi sina habari na kitu, mama," nikasema. "Mimi kinu."

Nilimwona akikumbuka chumba, mlango, na sauti yake mwenyewe. Basi yeye alikumbuka, na kwa hilo nilimheshimu kidogo. Akajifunika kanga yake, akaenda zake bila kuniaga, na jambo lile akalimeza, maana naye alikuwa amefumba macho barua zilipopita.

Posa ilipovunjika mji ulisema yaliyosemwa. Hakuna aliyeamini habari ya safari ya masomo. Msichana aliyeachwa na mchumba asiyewahi kumwona, watu wakaona hapana budi kuna kasoro iliyofichwa, na kila mtu akamtafutia ya kwake. Baba yake, mtu wa kujistahi, hakungoja maneno yaote mizizi. Akamwoza kwa mwenye mashamba ya minazi wa Mkwaja, mtu aliyempita umri kwa miaka zaidi ya ishirini na mwenye mke mwingine tayari. Salha aliacha shule kabla ya mtihani. Mimi niliufanya, nikafaulu, nikachaguliwa kwenda kusomea ualimu, na katika karatasi ya Kiingereza palikuwapo swali la kueleza sura ya mtu unayemfahamu. Nilipata alama zote.

Nassor nilikuja kumwona miaka mitatu baadaye, nikiwa mwalimu. Alivuka kutoka Pemba kumleta mdogo wake wa kike kuandikishwa shuleni kwetu. Nilimpa daftari aandike jina, nikaitambua hati kabla sijasoma jina lenyewe. Nikainua macho. Alikuwa mfupi, amejaa, na nywele zake zimeanza kukimbia paji la uso. Nilijiinamia nyuma ya meza nikijifanya naokota chaki, kwa maana kicheko kilinishika nisiweze kukizuia. Niliporudi nyumbani sikucheka tena. Nilijua kama ningeandika ukweli angemwoa Salha, na kwa kila nilichokiona siku ile, sauti yake ya upole, namna alivyomshika mdogo wake mkono, wangeishi vizuri. Hilo nalo nililiweka upande wangu wa ushindi. Sijui watu wengine huweka wapi mambo kama hayo.

Lakini nimekwenda mbele. Mwaka ule uliishia siku ya harusi. Asubuhi alikuja mtu nyumbani kwetu akasema bibi harusi hataki msusi mwingine, anamtaka Mwantumu. Ningeweza kukataa. Nikavaa buibui nikaenda. Ua ulijaa wanawake wanaochambua mchele na kuimba, mvuke wa pilau ukipanda kutoka kwenye masufuria, na nilipopita mama yake alitazama pembeni. Chumbani mapazia yalikuwa yameshushwa. Salha alikuwa amekaa mahali pake pale pale juu ya mkeka, mikono na miguu imekwisha pigwa hina, hawezi kushika kitu. Alikuwa amekonda. Akawaambia shangazi zake watupishe, wakatoka wakidhani wasichana wawili wana maneno yao ya kuagana.

Nikakaa kwenye kigoda. Nikazigawa nywele zake, nyingi, nzito, za mawimbi, zikinifunika vifundo vya mikono, nikazipaka mafuta, nikaanza. Nilikaza. Nilikaza kila mstari mpaka ngozi ya paji lake ikavutika na nyusi zikainuka, na hakusema hata ah. Nje waliimba wimbo mmoja wakaumaliza, wakaanza wa pili. Sikujua angesema nini wala kama angesema. Nilipofika mstari wa saba akanitafuta macho kwa njia ya kioo cha kabati. Hakuwa analia. Hakuwa amekasirika. Aliniuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Umeridhika?"

Kulikuwa na majibu mengi. Nimeyatunga baadaye, mengine mazuri kabisa, katika vyumba vingi nilivyolala peke yangu. Lakini siku ile nilimtazama kiooni, vibonyo vyake vikionekana hata bila ya kucheka, na lililokuja mdomoni lilikuwa moja, na lilikuwa la kweli.

"Bado," nikasema.

Akainamisha kichwa ili nipate kuufikia mstari wa nane.